Nilikunywa bia sijajua nina mimba, kisha nikaacha dawa zangu: je, nimemharibu mwanangu?

SWALI: "Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa miezi saba, ndiye wa kwanza. Kabla sijajua kama nimeshika mimba nilikunywa bia mbili kwenye harusi, na wiki mbili baadaye nikanywa nyingine mbili kwenye sherehe ya kazini. Nimehesabu, ilikuwa wiki ya tatu na ya tano. Nilipima wiki ya sita nikakuta ni mjamzito. Siku hiyohiyo niliacha sertraline, dawa ya sonona niliyokuwa nikiitumia kwa miaka miwili, maana wifi yangu aliniambia dawa za akili zinaharibu ubongo wa mtoto. Mimba ikiwa na miezi mitano baba yangu alifariki ghafla. Tangu hapo mpaka najifungua nilikuwa nikilala saa tatu au nne kwa usiku, muda mwingine nalia tu. Mtoto alizaliwa wiki ya 39 akiwa na kilo 3.1. Sasa analia sana, hasa akishikwa na mtu asiyemzoea, na asiponiona anapiga kelele. Nimesoma kwamba homoni za msongo huchoma ubongo wa mtoto tumboni, na watoto hao huja kuwa na usonji au ugonjwa wa akili. Kila nikimtazama naona nilichomfanyia. Kuna wakati nafikiri angelelewa na mtu mwingine ingekuwa afadhali kwake. Je, kuna kipimo cha kujua ubongo wake umeathirika kiasi gani? Naweza kurudia dawa huku nanyonyesha? Na kliniki niwaambie habari ya bia, au ninyamaze?"

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole kwa kufiwa na baba, na pole kwa kuubeba mzigo huu peke yako mwaka mzima na zaidi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili kilichonishtua hakikuwa bia wala dawa. Ni ile sentensi ya kwamba mtoto angelelewa na mtu mwingine ingekuwa afadhali. Nitairudia huko mbele. Ila kama wazo hilo limeshasogea likawa la kutaka kufa au kumdhuru mtoto, au kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usisubiri kumaliza kunisoma. Mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize hospitali leo, na mtoto asiachwe nawe peke yako mpaka uonwe na daktari.

Sasa tuje kwenye bia. Wiki za mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo "wiki ya tatu" yako ni siku kama saba tu tangu mimba itungwe. Wakati huo mwanao alikuwa kifurushi cha seli kinachoanza kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, na kondo la nyuma lilikuwa bado halijajengeka. Wiki ya tano ni habari nyingine. Hapo seli zimeshajipanga kama kipande bapa, na kipande hicho kinaanza kujikunja kiwe mrija ambao ndio utakuwa ubongo na uti wa mgongo. Mrija huo hufunga mnamo siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Ndiyo maana tunasisitiza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kabla hata ya kushika mimba: mwanamke anapogundua kwamba hedhi imechelewa, kazi ya mrija inakaribia kwisha.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ile sherehe ya pili ilikuta ubongo haujaanza. Ulikuwa umeanza. Pombe hupita kwenda kwa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama wakati wa ujauzito. Ungeniuliza kabla ya kunywa, ningekwambia usiguse. Lakini umeniuliza baada ya kunywa, na hilo ni swali jingine lenye jibu jingine. Madhara ya pombe kwa mtoto wa tumboni, ambayo madaktari Jones na Smith wa Seattle waliyapa jina mwaka 1973, yalionekana kwa watoto wa akina mama waliokuwa wamezama kwenye ulevi. Hatari hupanda kadiri pombe inavyokuwa nyingi kwa mkupuo mmoja na kadiri inavyorudiwa wiki hadi wiki. Bia mbili, wiki mbili zikapita, bia mbili tena, kisha hakuna tena mpaka kujifungua: hiyo ni picha tofauti kabisa. Watoto walioathirika vibaya mara nyingi huzaliwa na uzito mdogo, kichwa kidogo, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji kati ya pua na mdomo hakionekani. Kilo 3.1 kwenye wiki ya 39 ni uzito mzuri. Kuna pia watoto, tena wengi kati ya walioathirika, ambao uso hauonyeshi chochote na athari huja kujitokeza baadaye kwenye kujifunza au kutulia, na kwa sababu hiyo tutamfuatilia. Ukinibana niseme ninachotegemea, nategemea kwamba hakuna atakayeona tofauti yoyote.

Kuhusu dawa, wifi yako alichukua kitu cha kweli akakipaka kila mahali. Ipo dawa inayotumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, inaitwa valproate, na hiyo tunaiogopa kwa sababu nzuri. Kati ya watoto 100 waliokaa nayo tumboni, kama 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na kati ya 30 na 40 huchelewa katika ukuaji wa akili na lugha. (Msomaji mwingine unayeitumia, usiiache ghafla kwa kusoma hapa, degedege nalo huua. Kamwone daktari wako wiki hii.) Sertraline haimo kwenye kundi hilo. Zilipotoka tafiti zilizohusisha dawa za aina yake na usonji, watafiti walikwenda mbali zaidi wakalinganisha ndugu wa mama mmoja, yule ambaye mama alikuwa kwenye dawa na yule ambaye hakuwa. Sehemu kubwa ya uhusiano ule ikayeyuka. Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na mtetemo na kulialia kwa siku chache kwa sababu ya dawa hizi, kisha hali hiyo ikaisha.

Jambo ambalo hakuna aliyekuambia ni hatari ya upande wa pili. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wajawazito 201 nchini Marekani, wote wamewahi kuugua sonona na walikuwa kwenye dawa. Kati ya walioziacha, 68 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa kabla ya kujifungua. Kati ya walioendelea nazo, 26. Ulikuwa kwenye njia hiyo hata kabla ya msiba. Nimeona katika kazi yangu kwamba ndugu wakishauri kuhusu dawa za akili hushauri upande mmoja tu, kwa kuwa aliyesema "acha" hatakuja kulaumiwa kamwe. Wewe ulifanya kile ambacho mama anayempenda mwanawe angefanya kwa habari alizokuwa nazo siku ile.

Tufike kwenye msongo, maana hapo ndipo ulipoumia zaidi na ndipo mtandao ulipokupotosha zaidi. Hilo neno "kuchoma" lifute kichwani. Homoni inayosemwa ni kotisoli, na kotisoli si tindikali. Kila mjamzito kotisoli yake hupanda miezi ikisonga, hata aliye na raha tele, kwa sababu mtoto anaihitaji mapafu yake yakomae. Mama akielekea kujifungua kabla ya wakati, sisi wenyewe humchoma sindano ya dawa iliyo jamaa ya homoni hiyohiyo ili mtoto aweze kupumua. Kisha kondo la nyuma lina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuikamata kotisoli ya mama mlangoni na kuigeuza kuwa kotisoni, ambayo haina makali. Inayomfikia mtoto ni sehemu ndogo tu ya ile iliyoko kwako.

Mlinzi huyo wa mlangoni hana nguvu zisizo na kikomo. Wasiwasi mkali ukidumu kwa miezi, kuna dalili kwamba kimeng'enya hicho hulegea na homoni zaidi hupenya. Usingizi mbovu, kula kwa kusukuma na kinga ya mwili iliyovurugika navyo vina mchango wao. Homoni hiyo ikipenya inakuta nini huko ndani? Baba yako alipofariki, seli nyingi za gamba la ubongo wa mwanao zilikuwa zimeshazaliwa. Seli hizi huzaliwa katikati ya ubongo, kisha kila moja hujivuta kwenye uzi mrefu kuelekea juu, kama mkwezi na mti wake, mpaka ifike tabaka lake. Kazi hiyo nayo ilikuwa imekwenda mbali. Kilichokuwa kikiendelea ni kuunganisha seli na seli, na kupima ukali wa mfumo wa tahadhari, ule unaoamua moyo uende mbio kiasi gani mlango ukibamizwa. Msongo wa mama unaweza kuusogeza mfumo huo ukawa mwepesi zaidi kuamka, kana kwamba mtoto ameambiwa mapema kuwa huko nje hakujatulia. Hakuna seli zilizoungua. Kuna kengele ambayo huenda, nasema huenda, imefungwa ikiwa nyepesi kidogo.

Na kengele hiyo huendelea kurekebishwa baada ya kuzaliwa. Mtafiti Michael Meaney na wenzake huko Montreal, Kanada, walionyesha kwa panya kwamba vitoto vinavyorambwa sana na mama yao hukua vikiwa na mwili unaotulia haraka baada ya kushtuka, na mwaka 2004 wakaonyesha alama za kikemia zilizoachwa na malezi hayo juu ya jeni inayohusika na kuizima kotisoli. Kitoto cha mama asiyeramba kikihamishiwa kwa mama anayeramba, kilikua kama watoto wa yule mlezi. Panya si watu, najua, na kuna wanaoyavuta matokeo haya mbali kuliko yanavyofika. Ninayataja kwa sababu ulichosoma kilikufanya uamini kwamba mlango ulifungwa siku ya kujifungua.

Sasa namba, maana bila namba hofu hujaza nafasi yote. Eneo la Bristol, Uingereza, wamewafuatilia watoto wa mimba zipatazo 14,000 tangu miaka ya 1991 na 1992. Akina mama walipangwa kwa kiwango cha wasiwasi walichokuwa nacho wakati wa ujauzito. Watoto wa wale 15 katika 100 waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wote walipofika miaka 13, kama 13 kati ya 100 walikuwa na tatizo la afya ya akili. Watoto wa akina mama wengine walikuwa kama 7 kati ya 100. Gazeti litaandika "hatari yaongezeka maradufu", na halitakuwa limesema uongo. Lakini na wewe hesabu wale 87.

Hata hao sita walioongezeka si wote walioathirika kwa sababu ya tumbo. Mama mwenye sonona humpa mtoto jeni zake pia, na mara nyingi anaendelea kuumwa mtoto akiwa mikononi. Kuvitenganisha ni kazi ngumu, lakini watafiti wa Cardiff, Uingereza, walipata njia ya kupendeza. Walitafuta watoto waliopatikana kwa kupandikizwa mimba, baadhi kutokana na yai la mama mwenyewe, wengine kutokana na yai la mwanamke mwingine. Yule wa pili amekaa kwenye tumbo la mama bila kuwa na jeni zake. Walipoangalia uvutaji wa sigara, uzito wa kuzaliwa ulishuka kwa makundi yote mawili. Hilo basi ni la sigara yenyewe. Lakini uhusiano wa sigara na ukorofi wa tabia ulionekana tu kwa watoto wenye jeni za mama. Yaani jambo ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa ni la tumbo, kwa sehemu kubwa lilikuwa ni la damu. Kila unaposoma "watoto wa akina mama waliofanya hivi huwa hivi", kumbuka hadithi hiyo.

Tumtazame sasa mtoto mwenyewe, maana katika barua yako yote umemwandika kama ushahidi wa kosa na hukuniambia anacheka na nini. Unasema analia akishikwa na asiyemzoea, na asiponiona, yaani asipokuona wewe, anapiga kelele. Dada, ana miezi saba! Huu ndio umri wenyewe. Mwezi wa tatu alikuwa anapokelewa na kila mtu kwa sababu ubongo wake haukuwa bado unashika tofauti yenye uzito kati ya mama na jirani. Sasa unashika. Ili alie usipoonekana inabidi kwanza akukumbuke, ajue kwamba upo mahali fulani, na akutake wewe na si mwingine. Hiyo ni kazi ya ubongo unaokwenda vizuri, na inajibu pia lile wazo lako la kumpa mlezi mwingine: yeye ameshachagua.

Kipimo cha kusoma ubongo wake ulivyoathirika hakipo. Picha ya kichwa huonyesha damu iliyovuja, maji yaliyojaa au umbo lisilo la kawaida. Haionyeshi kama mtu atapata sonona akiwa na miaka 20, na anayekuuzia picha kwa ahadi hiyo anakula hela yako. Tunachofanya ni kumtazama akikua. Umri huu nategemea akutabasamie ukimtabasamia, acheke kwa sauti, afuate kitu kwa macho, anyooshe mkono akichukue, akae akishikiliwa au peke yake kwa muda mfupi, ajibizane nawe kwa sauti. Mwone daktari wa watoto bila kusubiri tarehe ya kliniki kama hatabasamu kabisa, kama mwili umekakamaa au unalegea kama kitambaa, kama anatumia mkono mmoja tu, au kama anapata mishtuko ya kujikunja inayokuja kwa mfululizo, hasa anapoamka. Akifika mwaka mmoja habwabwaji, akifika miezi 16 hana neno hata moja, au wakati wowote akipoteza kitu alichokuwa anakiweza, njoo naye. Usonji huanza kuonekana vizuri kati ya miezi 12 na 24. Kumchunguza leo kila akikwepa macho kutakuchosha bure.

Narudi kwenye ile sentensi. Kujilaumu kila saa na kuona mtoto angekuwa heri bila wewe ni dalili ya sonona iliyorudi, kama vile homa ilivyo dalili ya malaria. Na katika yote uliyoyataja, hili pekee ndilo tunaloweza kulishika leo kwa mikono miwili. Bia imepita, msiba umepita, ila sonona yako ipo sasa, na inamfikia mwanao kwa njia ambayo watafiti wameiona waziwazi: uso. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alimwomba mama acheze na mwanawe, kisha kwa dakika chache akae bila kuonyesha hisia zozote usoni. Mtoto hujaribu kumrudisha: anatabasamu, ananyoosha mikono, anatoa sauti. Akishindwa hugeuza uso na kulia. Mama akirudi, mtoto naye hurudi baada ya muda. Usiniambie sasa umepata jambo jingine la kujilaumia. Tronick huyohuyo aligundua kwamba hata akina mama wazima kabisa na watoto wao hukosana sehemu kubwa ya wakati. Wanachofanya ni kurudiana.

Tiba ipo. Kliniki nyingi zina dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama kama wewe, omba kulijaza. Mazungumzo ya tiba husaidia sana, hata yakiendeshwa na mhudumu wa afya wa kawaida aliyefundishwa vizuri. Huko Pakistan wahudumu wa vijijini waliwatembelea akina mama wenye sonona nyumbani kwao, na watoto walipofika miezi sita waliobaki na sonona walikuwa 23 kati ya 100, dhidi ya 53 kati ya wale waliotembelewa bila tiba hiyo. Kuhusu sertraline, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na ni miongoni mwa dawa tunazozichagua kwanza kwa mama anayenyonyesha. Kwa mtu ambaye ilimfaa kwa miaka miwili, mimi ningeelekea huko, sambamba na mazungumzo. Ila usifungue kopo la zamani ukaanza na dozi ile ya mwisho. Daktari aanze na dozi ndogo, ajue dawa nyingine unazotumia, na akuulize kama umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila kulala, kwani hapo uchaguzi wa dawa hubadilika. Na usimwachishe mtoto kunyonya kwa ajili ya hili.

Habari ya bia waambie. Ikiandikwa kwenye kadi, akija kupata shida ya kusoma akiwa na miaka saba, daktari atakayemwona hatapoteza mwaka akitafuta. Kuna wahudumu wachache wenye ulimi mkali, siwezi kukataa. Ukimkuta huyo, omba mwingine. Ukiingia, kabla hata hajampima mtoto, sema hivi: "Nilikuwa na sonona kabla ya mimba, niliacha dawa, nimefiwa na baba, na sasa imerudi. Naomba kusaidiwa mimi kwanza, halafu tumwangalie mtoto."